Matongo, Miembe na Ngitili: Ulinzi wa Miti na Maji katika Nchi ya Tabora

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ulikuwa na njia ya kilometa zipatazo 1,200 mbele yake, na katika njia hiyo yote hapakuwa na mahali palipoogopwa na wapagazi kuliko pori lililotenga Ugogo na Unyamwezi. Pori hilo waliliita Mgunda Mkali. Jina lenyewe lastahili kutazamwa vizuri, kwa maana *mgunda* kwa Wanyamwezi ni shamba. Na shamba, hata likiwa kali namna gani, ni ardhi iliyo na mwenyewe, au iliyopata kuwa na mwenyewe, au inayomngoja. Richard Burton alipopita huko mwaka 1857 aliwakuta Wakimbu wamekwisha kuingia wakifyeka na kulima kando ya njia, na hatari ya kiu ikiwa imepungua kwa kadiri vijiji vyao vilivyoongezeka. Basi pori lile, ambalo katika vitabu vya wasafiri linasimuliwa kana kwamba liliumbwa hivyo na lingedumu hivyo milele, lilikuwa likisogea na kurudi nyuma kwa kufuata nyayo za watu.

Jambo hilo lina uzito katika mashauri ya siku hizi. Katika mji wa Tabora na vijiji vinavyouzunguka, kazi ya kulinda miti na vyanzo vya maji imekuwa shughuli ya watu wengi: wafuga nyuki, walimu na wanafunzi wao, kamati za misitu za vijiji, wakulima wa tumbaku, na akina mama wanaotafuta kuni. Kazi hiyo huelezwa kwa msamiati mpya wa mabadiliko ya tabianchi, na nyuma ya msamiati huo zimejificha dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba msitu wa miombo ni wa tangu na tangu, na mwanadamu ameufikia juzi tu, akiwa na shoka mkononi. Ya pili ni kwamba ushirikishwaji wa jamii ni jambo lililoletwa na miradi. Historia ya njia kuu ya misafara haiungi mkono dhana yo yote kati ya hizo mbili.

Makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu katika Unyanyembe, yaliyoitwa Kazeh na wasafiri wa kwanza wa Kizungu, yalianza kushika mizizi mnamo mwaka 1852. Burton na Speke walifika tarehe 7 Novemba 1857, wakapokelewa na Snay bin Amir. Na mtu mwingine mashuhuri wa mahali hapo alikuwa Mhindi, Musa Mzuri. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alioa katika nyumba ya kitemi ya Unyanyembe, na maisha ya mwanawe, yaliyosimuliwa kwa Kiswahili na mwenyewe, yanaonyesha jinsi Tabora ilivyokuwa njia panda ya kwenda Ujiji, Karagwe na nchi za kusini. Mji wa namna hiyo ulihitaji vitu vitatu kwa wingi usio wa kawaida: chakula, maji na kuni. Maelfu ya wapagazi walilala, wakapika, wakaugua na kupona hapo, wengine wakingoja miezi mingi hadi misafara yao ipate watu au hadi njia ifunguke baada ya vita. Nchi hupata mvua kwa msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni kiangazi kitupu. Kwa hiyo akiba ndiyo iliyoupa mji uhai.

Simulizi za wenyeji husema kwamba hata jina la Tabora limetoka katika akiba hiyo, yaani *matobolwa*, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Kwa mtazamo wa fonolojia asili hii ina mashaka, maana kiambishi *ma-* kimepotea bila sababu, na silabi ya mwisho imebadilika. Lakini etimolojia ya wananchi, hata ikikosea juu ya neno, mara nyingi haikosei juu ya maisha. Watu waliochagua kuupa mji wao asili ya viazi vikavu, wakaacha dhahabu, pembe na jina la shujaa, wamekumbuka ni kitu gani kilichouwezesha mji huo kuishi kiangazi.

Kuhusu miti, alama kubwa ya zama hizo ni mwembe. Mti huu ni mgeni aliyetoka Bara Hindi, akaenea pwani, kisha akapanda bara pamoja na misafara. Na hata leo safu za miembe mikongwe ni miongoni mwa vitu vinavyoonyesha mahali njia ilipopita, Tabora na Ujiji pia. Husemwa mara nyingi kwamba iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa njiani. Huenda baadhi iliota hivyo. Lakini safu iliyonyoka haipandwi kwa kutupa kokwa. Hupandwa na mtu aliyepima hatua, akachimba shimo, akamwagilia mche katika kiangazi cha kwanza na cha pili, na kumzuia mbuzi asiutafune. Kumbukumbu ya machungu ya utumwa haipungui hata chembe kwa kukiri kwamba mikono fulani, huenda ya watumwa hao hao, ilifanya kazi ya ustadi ambayo kivuli chake kingali kinatumika.

Juu ya ardhi yote hiyo alikuwapo mtemi. Wataalamu wamelihusisha neno hilo na kitenzi *kutema*, ambacho katika Kinyamwezi na katika Kiswahili cha kale pia kina maana ya kukata au kufyeka. Na wamebishana kama maana ya asili ni yule aliyekata msitu wa kwanza, au yule anayekata mashauri. Ubishi huo hauna haja ya kumalizwa kwa upande mmoja. Aliyefungua nchi ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua nani alime wapi, na aliyekuwa akiamua hayo ndiye pia aliyeletewa jino moja la kila tembo aliyeuawa katika nchi yake. Mvua ilikuwa dhamana yake; ukame ulipozidi, lawama ilipanda hadi *ikulu*, neno lililokuwa na maana ya makao ya mtemi kabla halijawa jina la makao ya Rais wa Jamhuri. Hapa pana jambo ambalo waandishi wa mipango ya mazingira wangepaswa kulipima: katika utaratibu ule wa zamani, mwenye mamlaka juu ya miti alikuwa mtu aliyeweza kulaumiwa kwa kukosekana kwa mvua. Baadaye mambo hayo mawili yalitengana. Mwenye mamlaka akawa mwingine, na mwenye lawama akawa mwanakijiji.

Isidhaniwe kwamba wakazi wa zamani walikuwa watakatifu wa msitu. Ushahidi wa kinyume umo katika vyombo vyao wenyewe. Gome la myombo lilibanduliwa kutengenezea vilindo vya nafaka na asali. Mzinga wa nyuki nao ulifanywa kwa gome lililovuliwa mzimamzima, na mti uliovuliwa gome kwa kuzungukwa hauishi. Kwa kila mzinga mmoja wa namna hiyo mti mmoja ulikufa. Watu walipokuwa wachache na msitu mkubwa, hasara hiyo haikuonekana. Wafuga nyuki wa leo wanapohimizana kuacha mizinga ya magome na kutumia ya masanduku, wanasahihisha desturi ya babu zao, wala hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa desturi yenye uhai hujisahihisha. Na kwa habari ya moto, mfuga nyuki amekuwa siku zote mlinzi mkali kuliko askari ye yote wa misitu, maana moto wa mwisho wa kiangazi ukipita chini ya mtundu wenye mzinga, yeye hupoteza mzinga na maua ya mwaka unaofuata kwa pamoja.

Baada ya mwaka 1890 nchi ilipatwa na misiba iliyofuatana. Sotoka iliua ng'ombe kotekote katika Afrika ya Mashariki. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani, alifia ndani ya ngome yake mwezi Januari 1893. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi, iliyokuwa fahari ya vijana wa Kinyamwezi kwa vizazi, ikakosa maana. Kisha vita vikaja: wapagazi wakakamatwa kwa nguvu, akiba za chakula zikachukuliwa, na mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Mahali watu walipopungua na ng'ombe walipokufa, hapakuwa na wa kufyeka wala wa kulisha majani; msitu ukarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao, wakileta malale.

Kutoka hapo serikali ya Waingereza, kuanzia miaka ya 1920, ilichukua hatua ambayo athari zake hazijaisha. Ili kuzuia malale, watu waliotawanyika misituni waliamriwa kuhamia katika makazi ya pamoja, na vijiji vyao vya zamani vikaachwa. Kwa upande wa tiba hatua hiyo ilikuwa na sababu, na wengi walinusurika kwa ajili yake. Lakini ilizaa nchi mpya. Mashamba yaliyoachwa yaliota miombo kwa miaka kumi, ishirini, thelathini. Na maofisa waliokuja baadaye, walipoitazama miti hiyo iliyokwisha kuwa mirefu, waliiona kuwa msitu usio na watu. Sehemu kubwa za nchi hiyo zikaandikwa kuwa misitu ya hifadhi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya ikolojia na historia ya Afrika ya Mashariki, alieleza kwa upana jinsi misiba ya mwisho wa karne ya 19 ilivyowaondolea watu uwezo wa kuitawala ardhi yao. Na ingawa baadhi ya wanahistoria wameona kwamba aliipamba mno hali ya kabla ya misiba hiyo, kwa nchi ya Tabora hoja yake ya msingi ni ngumu kukanushwa.

Ushahidi ulio karibu zaidi upo katika neno moja, *matongo*. Tongo ni mahali palipokuwa makazi na sasa pameachwa. Neno limo katika Kinyamwezi na katika Kiswahili pia. Mzee anayeingia katika msitu wa hifadhi akasema kwamba hapa ni matongo ya fulani, hasemi shairi. Anataja jiwe la kusagia, udongo mweusi wa jalala la kale, mwembe au mti mwingine usioota wenyewe kati ya miombo. Kwa mwenye ramani mahali hapo ni namba ya kitalu. Kwa mzee ni anwani.

Mwaka 1947 ulianza mpango wa karanga, na Urambo, iliyobeba jina la Mirambo, ikawa moja ya sehemu tatu za Tanganyika zilizofyekwa kwa matrekta makubwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ulivunjika mwaka 1951, na mahali pake pakashikwa na tumbaku. Hakuna zao lililoyala miombo ya Tabora kama hili. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa moto unaowaka usiku na mchana kwa siku kadhaa, na moto huo ni kuni. Aidha mkulima huhamahama akitafuta udongo mpya, hivyo hukata mara mbili, kwa shamba na kwa bani. Ni zao hilo hilo lililojenga nyumba za bati na kusomesha watoto wengi wa mkoa. Anayewahubiria wakulima waache tumbaku bila kutaja kitu cha kulipia karo, maneno yake husikilizwa kwa adabu na kusahauliwa.

Katika miaka hiyo hiyo mamlaka ya zamani yalikoma. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mtemi wa Unyanyembe wa wakati ule, Abdallah Said Fundikira, aliyepata kuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, alikuwa mtu aliyesomea kilimo huko Makerere. Lakini cheo chenyewe, pamoja na wanangwa waliokuwa chini yake na kujua mipaka ya kila bonde, hakikupata mrithi katika mambo ya miti. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kwa mara nyingine, na matongo mapya yakaongezeka juu ya yale ya kale.

Mafanikio makubwa ya ulinzi wa ardhi yalitokea jirani, upande wa kaskazini. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora katika ujana wake, alizuru Shinyanga mwaka 1984 akaona nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ukadumu hadi mwaka 2004 na kupata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Sababu ya kufanikiwa kwake imeelezwa na wengi: wataalamu waliacha kwanza kupanda miche ya kigeni kwa amri, wakaigeukia *ngitili*, desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, ili nyasi na vichaka vikue, na kuifungua kiangazi kinapokaza. Maamuzi yalipitia *dagashida*, baraza la wazee na watu wote, na ulinzi ukafanywa na sungusungu, jeshi la jadi lililozuka upya katika nchi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Maelfu ya hekta za miombo na migunga zilirudi bila kupandwa mche hata mmoja, kwa kuwa visiki vilikuwa hai vikingoja kuachwa.

Mwanaisimu hawezi kulipita neno ngitili bila kulilinganisha na neno *hifadhi*. Hifadhi, neno lenye asili ya Kiarabu, limekuwa katika matumizi ya serikali jina la eneo: lina mipaka, mawe ya alama, na kibao kinachokataza. Ngitili ni jina la kipindi kadiri lilivyo jina la eneo. Ndani yake imo siku ya kufungwa na siku ya kufunguliwa, na anayefungiwa leo ndiye atakayefunguliwa kesho. Kumwambia mfugaji kwamba ngitili ni hifadhi ndogo ni kumpotosha, maana moyo wa ngitili ni ahadi ya kufunguliwa. Tafsiri ya namna hiyo, ikiingia katika sheria ndogo za kijiji, haibaki kosa la kamusi tu.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kuwa na misitu yao wenyewe na pia kushirikiana na serikali katika misitu ya hifadhi. Kusini ya mji wa Tabora, msitu wa Urumwa ulikuwa miongoni mwa sehemu za mkoa zilizojaribiwa ushirikiano huo, na hapo tofauti ya kuwa mwenye msitu na kuwa msaidizi wa mwenye msitu ilijionyesha wazi. Kijiji kinachopewa doria kikanyimwa mapato hulinda kwa muda. Baadaye mgambo huchoka. Kituo cha utafiti cha Tumbi, karibu na mji, kilijaribu njia nyingine, ya kupanda miti ikuayo upesi pamoja na mahindi kwa miaka ya mwanzo, kisha kuivuna kwa kuni za mabani na kulima tena mahali hapo. Chuo cha nyuki kilichopo mjini nacho kimetoa mabwana na mabibi nyuki walioenea nchi nzima.

Mji wenyewe una haja zake. Kwa miongo mingi ulikunywa maji ya mabwawa ya Igombe na Kazima, na mvua ilipochelewa mabomba yalikauka; bomba la kutoka Ziwa Viktoria lilipofika Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 2020, mashaka hayo yalipungua sana. Hiyo ni neema, na ina upande wa pili: mtu anayekunywa maji yaliyotoka kilometa mamia hana tena sababu ya macho kulinda chanzo cha Igombe. Moto wa jikoni haukupata bomba la namna hiyo. Serikali iliagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kupikia kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na agizo hilo limezigusa shule za Tabora, zilizo nyingi na kongwe. Nyumba za watu wa kawaida zingali na jiko la mkaa, na mkaa huo hutoka katika miombo.

Katika mikutano ya kuhimiza mambo haya, ugumu mmoja ni wa lugha. *Mazingira* ni neno lililofaulu, kwa sababu mzizi wake, kuzingira, unaonekana na kila mtu. *Tabianchi* halijafaulu hivyo. Wasomi wa zamani waliandika *tabia ya nchi* kwa maneno matatu, na msikilizaji aliweza kuyafungua. Yalipounganishwa kuwa moja yalipata sura ya istilahi na kupoteza mlango wa kuingilia. Mkulima akiambiwa kwamba tabia ya nchi imebadilika, huuliza ni ya nani, maana wenye tabia ni watu; na swali hilo si la kijinga hata kidogo. Anayo maneno yake ya kupimia mambo hayo: siku ya mvua ya kwanza, muda mbuga inavyoshika maji, mwezi ambao mtundu huchipua majani mekundu kabla ya mvua. *Mbuga* yenyewe, ambayo kwake ni bonde la udongo mweusi linalofurika masika na kupasuka kiangazi, Kiswahili cha magazeti kimeifanya makao ya simba na watalii. Hivyo mwanasiasa anayesema mbuga ilindwe na mkulima anayesikia wanaweza kupiga makofi pamoja, kila mmoja akiwa na nchi yake kichwani.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vijiji vimekuwa vikipimwa na kuandikiwa mipango ya matumizi ya ardhi, na katika kazi hiyo wazee huitwa kuonyesha mipaka. Wanaonyesha kwa miti na kwa matongo. Mpimaji huandika nambari za kuratibu mahali penye jiwe la kusagia, akaendelea. Jina la tongo, na jina la aliyelifyeka kwanza, havina safu katika fomu yake. Fomu hizo zingeweza kuongezwa safu moja bila gharama, na wazee wanaoweza kuijaza wangali wapo katika vijiji vingi vya Unyanyembe, ingawa wanapungua kila mwaka.